Ukuta wa bure: historia fupi ya fayawoli kwenye kompyuta zetu za Eastlands

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeketi nje ya nyumba hapa Buruburu nikijaribu kumaliza kazi ya mteja (kodi iliyoandikwa na watu watatu tofauti, msiniulize zaidi) wakati kijana wa jirani alipokuja na laptopu kuukuu kwapani. "Anko, samahani kukusumbua. Nataka kuweka fayawoli ya bure. Ipi ni nzuri?"

Swali hilo sikuwa nimelisikia kwa karibu miaka kumi. Kati ya mwaka 2003 na 2010 niliulizwa karibu kila wiki: kwenye matatu ya 58, kwenye foleni ya kinyozi, hata kwenye matanga. Karibu kila mwaka nilikuwa na jibu tofauti na la mwaka uliotangulia, kila mara nikilitoa kwa kujiamini kabisa. Mara moja jibu langu lilimgharimu mtu, na nitafika hapo. Kijana nilimwambia aketi, nikaanza kumweleza, nikajikuta nasimulia historia nzima. Nimeona afadhali niiandike.

Kwanza neno lenyewe. Wako wanaosema "ukuta wa moto", na mtu akilisikia hilo anawaza ukuta unaowaka. Sivyo. Kwa mafundi wa ujenzi ni ukuta wa kuzuia moto, ule unaojengwa kati ya nyumba mbili ili ya kwanza ikishika, ya pili isifuate. Aliyekulia mtaani kwetu, ambako ukuta mmoja unatumiwa na majirani wawili, anaelewa maana hiyo bila maelezo. Kwenye kompyuta, fayawoli ni programu inayokaa kati ya mashine yako na mtandao na kuamua ni pakiti zipi zipite na zipi zizuiwe. Kompyuta ina milango 65,535 ya TCP, yote ina namba. Huduma zinazosikiliza mtandao zinakaa nyuma ya baadhi ya milango hiyo, na huduma ikiwa na kasoro, mtu aliye mbali anaweza kuingia bila wewe kubofya kitu.

Miaka ya mwanzo ya 2000 hofu hiyo haikuwa kubwa kwetu kwa sababu rahisi: tulikuwa mtandaoni kwa dakika tu. Aliyekuwa na kompyuta nyumbani na laini ya simu ya mezani (na laini hizo zilikuwa Buruburu na Donholm kuliko Kayole au Dandora, mpaka wezi wa nyaya za shaba walipotusawazisha wote) alipiga simu kwa modemu, akavuta barua pepe zake, akakata haraka kabla bili haijapanda. Mtandao wote wa nchi ulitoka nje kwa setilaiti. Sehemu mbili za mtaa mmoja zikitumia kampuni mbili tofauti za intaneti, barua kati yao ilikuwa inavuka bahari na kurudi, hadi kituo cha kubadilishana data cha KIXP kiliporuhusiwa kufanya kazi kwa uhakika mwaka 2002. Wengi wetu tulikwenda saiba. Mimi mwenyewe nilikuwa nasimamia saiba moja Umoja wikendi nikiwa chuoni, na huko ndiko nilikojifunza maana ya fayawoli, kwa njia ngumu.

Tarehe 11 Agosti 2003 mnyoo uitwao Blaster ulianza kuzunguka duniani. Ulipitia mlango namba 135, kwenye huduma ya RPC ya Windows 2000 na XP. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tarehe 16 Julai, karibu mwezi mzima kabla, lakini nani mtaani alikuwa akipakua viraka? Mashine iliyoshambuliwa ilionyesha kidirisha kikisema kwamba itazimika baada ya sekunde 60, kisha inahesabu kurudi nyuma: 59, 58, 57. Wateja walifikiri muda wao wa kulipia umekwisha. Mmoja akanigombeza kwamba nimeiba dakika zake.

Piga hesabu hii uone mtego ulivyokuwa. Mnyoo wenyewe ulikuwa baiti 6,176 tu. Kwa modemu iliyokuwa ikivuta kilobaiti 4 kwa sekunde siku ikiwa njema, unaingia kwa chini ya sekunde mbili. Kiraka cha kuuzuia kilikuwa kama megabaiti moja na kidogo, yaani dakika tano au sita. Sasa kama mashine inajizima kila baada ya sekunde 60, kiraka utakipataje? Waliojua walifungua dirisha la amri na kuandika `shutdown -a`, hesabu ikasimama. Sisi wengine tuliwasha, tukazimiwa, tukawasha tena. Ukiongeza kwamba Blaster ulichagua anwani za karibu na mashine ulimo katika asilimia 40 ya majaribio yake, utaelewa kwa nini kompyuta moja ya saiba ikishikwa, safu nzima ilifuata.

Lakini zile kompyuta zetu mbili za pembeni zilizokuwa zikitumia Windows 98, ambazo hakuna mteja aliyezitaka, ziliendelea kufanya kazi kama kawaida. Blaster haukuweza kuziingia. Wiki hiyo ndizo zilizolipa kodi ya nyumba.

Kitu kilichonishangaza baadaye ni kwamba dawa ilikuwemo ndani ya XP siku zote. Tangu ilipotolewa Oktoba 2001 XP ilikuja na fayawoli yake, imefichwa ndani ya sifa za muunganisho wa mtandao, kisanduku kimoja cha kuweka alama. Ilikuja ikiwa imezimwa. Kama kisanduku hicho kingekuwa na alama tangu kiwandani, Blaster ungegonga mlango na kuondoka. Hilo bado linaniudhi.

Baada ya Blaster kila mtu akataka fayawoli, na hapo ndipo zama za fayawoli za bure zilipotufikia. Mfalme alikuwa ZoneAlarm ya kampuni ya Zone Labs. Tulipeana kwa CD, na nadhani nusu ya CD nilizochoma mwaka huo zilikuwa na faili hiyo. Ilikuwa nyepesi, matoleo ya mwanzo yakiwa megabaiti chache tu, na ilifanya kitu ambacho ile ya XP haikufanya: iliangalia pia vinavyotoka. Programu ikitaka kwenda mtandaoni, kidirisha kinaruka pembeni kuuliza: uiruhusu au la? Washindani wake walikuwa Sygate, iliyopendwa na mafundi kwa sababu ilionyesha kila muunganisho na kuweka kumbukumbu nzuri; Kerio, ambayo asili yake ni Tiny Personal Firewall; na Outpost ya Agnitum kutoka St Petersburg, Urusi. Mimi nilikuwa mtu wa Sygate. Faili lake lilikuwa chini ya megabaiti 10 na halikula RAM, na mwenye MB 128 za RAM haringi.

Tulikuwa tukizipima kwa ShieldsUP ya Steve Gibson, tovuti iliyogonga milango yako kutoka nje na kukupa ripoti. Miraba yote ikitokea kijani, umepita. Nakumbuka nikimwita fundi mwenzangu aje aone kijani yangu kana kwamba ni cheti cha KCSE. Baadaye nikajua kwamba anwani iliyokuwa ikipimwa siku ile ilikuwa ya mashine iliyotugawia mtandao, si ya kompyuta niliyokuwa nimekalia. Sikumwambia.

Basi zile zilikuwa enzi za furaha, na hazikudumu. Machi 2004 ulitokea mnyoo uitwao Witty. Ulishambulia fayawoli zenyewe: bidhaa za ISS, ikiwemo BlackICE iliyotumiwa majumbani. Ulipata mashine kama 12,000 hivi, idadi ndogo ukilinganisha na mingine, lakini ulikuwa ukiandika takataka juu ya diski mpaka mashine inakufa. Waliopigwa ni wale waliochukua tahadhari. Jirani yao ambaye hakuweka chochote hakuguswa. Mwezi uliofuata, tarehe 30 Aprili, ukaja Sasser kupitia mlango namba 445, kazi ya kijana Mjerumani aitwaye Sven Jaschan. Dalili zilikuwa zile zile, mashine kujizima yenyewe.

Agosti 2004 Microsoft ikatoa Service Pack 2 ya XP, na fayawoli ikawashwa kwa kila mtu bila kuulizwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia hii. Minyoo ya aina ya Blaster ilipoteza chakula chake kikuu. Lakini Service Pack 2 yenyewe, faili kamili, ilikuwa megabaiti 266. Kwa zile kilobaiti 4 kwa sekunde ni karibu saa 19 za simu. Hakuna mtu Jericho wala Maringo aliyekuwa na saa 19 za simu. Ilitufikia kwa CD, polepole, mkono kwa mkono, wengine mwaka mzima baadaye.

Kulikuwa na kizuizi cha pili ambacho tulikwepa kukitaja. Windows zetu nyingi zilikuwa za wizi. Ulinunua CD mjini kwa bei ya chakula cha mchana, na namba ya ufunguo imeandikwa juu kwa kalamu. Service Pack 1 mwaka 2002 ilikuwa imekataa kusakinishwa penye funguo zilizojulikana kuvuja, na habari hiyo ikaenea mtaani ikiwa imepindishwa: "usisasishe, Microsoft watakukamata." Kisha 2006 vikaja vidirisha vya kukukumbusha kwamba nakala yako si halali, na hofu ikawa imani. Mafundi, mimi nikiwa mmoja wao, tulikuwa tukimaliza kusakinisha Windows kwa kuzima masasisho. Ilikuwa hatua ya mwisho kabisa, kama kufunga skrubu. Ukweli ni kwamba masasisho ya usalama kwa njia ya moja kwa moja yaliendelea kutolewa hata kwa nakala zisizo halali. Yaliyozuiwa ni mapambo na programu za ziada. Tuliwanyima watu viraka kwa kuogopa kidirisha. Halafu, kuziba pengo tulilolichimba wenyewe, tukawawekea fayawoli ya bure na kuwaambia wako salama.

Wakati huo fayawoli za bure zenyewe zilikuwa zinauzwa na kununuliwa juu ya vichwa vyetu. Check Point iliinunua Zone Labs, ununuzi ukakamilika Machi 2004. Symantec ikainunua Sygate Oktoba 2005, na kabla ya mwaka kwisha Sygate ya bure ikawa imesitishwa. Kerio ikaenda kwa Sunbelt. Nilibaki na faili langu la Sygate kwenye CD, nikiendelea kulisakinisha kwa watu hadi 2007, programu ambayo hakuna aliyekuwa akiitengeneza tena. Halafu tarehe 8 Julai 2008 Microsoft ilitoa kiraka cha DNS, na wote waliokuwa na ZoneAlarm wakaamka bila intaneti, kwa sababu hizo mbili hazikuelewana mpaka Check Point ilipotoa toleo jipya. Simu yangu ililia asubuhi nzima, na kila aliyepiga alikuwa mmoja wa wale wachache niliowasihi wawashe masasisho. Wale waliozima hawakuona tatizo lolote. Niambie utamfundishaje mtu hapo.

Nikirudi kwenye mitaa yetu: kufikia 2008 kulikuwa na 3G na modemu za USB, zile Huawei nyeupe, na Eastlands ikaingia mtandaoni bila kungoja waya wa mtu. Katikati ya 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa, na mwaka uliofuata ikaja EASSy. Nilichokiona mimi ni kwamba hapo maana ya fayawoli ilibadilika kabisa, na mabadiliko hayo sijayaona yakiandikwa na Wazungu walioandika historia hii, kwa sababu wao walilipa kwa mwezi na kusahau. Sisi tulilipa kwa megabaiti.

Chukua mfano wa lango. Hapa Buruburu nyumba zimepangwa katika makundi, na kila kundi watu wamechanga wakaweka lango na askari. Askari anamuuliza anayeingia anaenda kwa nani. Anayetoka haulizwi, hata akiwa amebeba televisheni. Ile ya XP ndivyo ilivyokuwa, ilizuia kuingia tu. Kwa Mmarekani hiyo ilitosha sana. Kwa mtu wa Kayole aliyenunua bando kwa pesa ya mboga, mwizi alikuwa ndani na alikuwa akitoka nje: programu ya PDF inayojisasisha, antivairasi inayovuta megabaiti kila asubuhi, programu ya kupiga soga iliyojiwasha yenyewe. Unaweka bando usiku, unaenda kulala, unaamka halipo, na programu ya modemu inakuonyesha namba bila kusema nani amekula.

Na kinachochekesha ni kwamba hatari ya kutoka nje ilikuwa imepungua, maana kampuni za simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani chache, kwa hiyo mnyoo wa mbali haukufikii kirahisi kama zamani za modemu ya simu. Tuliendelea kuweka fayawoli, lakini sasa kwa ajili ya kulinda bando. ZoneAlarm ilirudi kwenye chati kwa sababu hiyo, na Comodo ikawa kipenzi cha wataalamu. Comodo toleo la 3, lililotoka mwishoni mwa 2007, lilikuwa kali kweli, likiongoza katika majaribio ya kuvuja, lakini liliuliza maswali kama shemeji siku ya posa. Je, svchost.exe iruhusiwe? Mama anayetaka kufungua barua pepe atajuaje svchost.exe ni nani? Akikataa, intaneti inakufa. Akikubali, amekubali kila kitu. Baada ya siku mbili anajifunza kwamba kubofya "ruhusu" ndiko kunakofanya mambo yaende, na tangu hapo una askari anayefungua lango huku amesinzia. Nilisakinisha Comodo kwenye nyumba labda 30. Nikirudi baada ya mwezi, orodha ya vilivyoruhusiwa ilikuwa na kila kitu, ikiwemo mara mbili virusi vyenyewe.

Sasa nifike kwenye lile nililoahidi.

Novemba 2008 ulitokea Conficker, ukitumia tena mlango 445, na kiraka chake kilikuwa kimetolewa tarehe 23 Oktoba. Mwishoni mwa Desemba likaja toleo la pili, hili likijinakili kwenye flashi na kuzima huduma ya masasisho likishaingia. Na haukuwa peke yake. Mwaka 2009 kulikuwa na kundi zima la virusi vya flashi, vya kienyeji kwa maana kwamba vilizunguka kati ya saiba, duka la fotokopi na nyumbani. Kila kompyuta iliyochomekwa flashi ilisoma faili la autorun na kulitii. Fayawoli inalinda mtandao. Flashi haipiti kwenye mtandao.

Kulikuwa na mama mmoja hapa mtaani, mwalimu mstaafu, mhazini wa chama chao cha akina mama. Rekodi za chama aliziweka kwenye Excel: nani kachanga, nani kakopa, zamu ya nani. Mimi ndiye niliyemwekea kompyuta. Aliniuliza, "Mwanangu, hii kitu iko salama kweli?" Nikamwonyesha ikoni ya Comodo pale chini nikamwambia, "Mama, hapa hapaingii mtu." Maneno yangu hayo.

Katikati ya mwaka 2009 akanipigia kwamba flashi yake imeharibika baada ya kwenda kuchapisha. Nikaenda. Folda zote zilionekana, lakini ukibofya hazifunguki, na kila moja ilikuwa na ukubwa ule ule wa kilobaiti. Nikajua ni kirusi: folda zile zilikuwa programu zilizovaa ikoni ya folda. Kompyuta nayo ilikuwa imeshikwa, na nakala zake huko zilikuwa katika hali hiyo hiyo. Nikamwambia faili zimeliwa. Nikaformati flashi, nikaformati kompyuta, nikasakinisha upya, nikarudisha fayawoli. Nikajiona nimefanya kazi safi, hata pesa sikuchukua.

Miezi minne baadaye, nikihangaika na flashi yangu mwenyewe, nikasoma namna virusi vile vinavyofanya kazi. Havifuti. Vinazificha folda halisi kwa kuzipa sifa ya kufichwa na ya mfumo, kisha vinaweka za bandia mahali pake. Amri moja inazirudisha:

`attrib -h -s -r /s /d *.*`

Ningeiandika ile amri, miaka mitatu ya michango ingekuwa pale pale. Rekodi za chama zilipotea kwa mkono wangu. Walijaribu kuzijenga upya kutoka kwa daftari na kumbukumbu za watu, na unajua kumbukumbu za watu zinavyokuwa kwenye mambo ya mikopo. Wawili walitoka chamani. Nilimweleza ukweli, ilinichukua wiki kupata ujasiri. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Microsoft ilizima tabia ile ya autorun ya flashi kwenye XP na Vista kwa sasisho la Februari 2011. Lilikuja kwa njia ya masasisho, yale tuliyokuwa tukiyazima.

Kuna mkondo wa pili wa historia hii ambao nimeuacha kwa makusudi mpaka sasa. Kiswahili kimebahatika kuwa na maneno mawili pale ambapo lugha nyingine zinahangaika na moja: kuna programu ya bure na kuna programu huria. Sygate ilikuwa ya bure, ikanunuliwa ikafa. Huria ni nyingine. Kiini cha Linux kilipofika toleo la 2.4, Januari 2001, kilikuja na netfilter na amri yake iptables, kazi iliyoanzishwa na Rusty Russell wa Australia. Hakuna kampuni inayoweza kuinunua na kuizima, kwa sababu kila mtu anayo. Pale saiba ya Umoja, baada ya Blaster, mwenye duka alileta kompyuta ya Pentium iliyokuwa ikikaa stoo, tukaiwekea IPCop, ikakaa kati ya laini ya nje na mashine zote. Haikuwa na skrini wala kibodi. Vumbi liliijaa mpaka feni ikawa inalia kama nzi, lakini Sasser ilipokuja mwaka uliofuata hakuna mashine hata moja iliyozimika upande wetu. Wateja hawakujua ipo. Hadi leo naamini hiyo ndiyo fayawoli bora niliyowahi kuisimamia, na ilitugharimu nusu siku ya Jumapili.

Majumbani ilikuwa vigumu zaidi. Canonical ilikuwa ikituma CD za Ubuntu bure kwa posta, mpango ulioanza 2005 na kufungwa 2011, na mimi niliagiza boksi nikagawa. Ubuntu ya kawaida haikuwa na huduma inayosikiliza nje ilipotoka kwenye boksi, kwa hiyo hata bila fayawoli hapakuwa na mlango wa kugongwa. Tangu toleo la 8.04 la Aprili 2008 ikaja pia na ufw, ambayo unaiwasha kwa amri moja. Watu waliipenda kwa wiki. Kisha modemu yao ya 3G ikakataa kutambuliwa, au mtoto akataka mchezo fulani, na nikaitwa kurudisha Windows. Sikuwalaumu, nilichukua shilingi zangu 500 nikarudisha.

Vista, na baada yake Windows 7 mwaka 2009, ziliingiza ndani ya mfumo wenyewe uwezo wa kuchuja vinavyoingia na vinavyotoka. Tangu hapo sehemu kubwa ya kazi ya fayawoli za nje ikawa kuendesha injini iliyoko tayari. Hizo za nje zilianza kunenepa, zikaja na upau wa utafutaji na antivairasi na matangazo, na moja moja zikaondoka. Agnitum ilinunuliwa na Yandex Desemba 2015. XP yenyewe iliachwa rasmi tarehe 8 Aprili 2014, ingawa nimeiona baada ya hapo kwenye zaidi ya duka moja la fotokopi.

Kwa hiyo yule kijana na laptopu yake. Ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na intaneti yake inatoka kwenye simu, bando la siku. Sikumwekea chochote kikubwa. Fayawoli iliyomo tuliihakiki kuwa imewaka, na mtandao wa simu tukauweka kama wa umma, usioaminika. Tukauwekea alama kwamba unahesabiwa, ili masasisho makubwa yasubiri. Hicho ni kisanduku ambacho ningekilipia pesa mwaka 2009. Kwa vinavyotoka nilimwonyesha TinyWall, programu ndogo ya bure iliyotoka 2011, inayotumia injini ile ile ya Windows na haimrushii mtu vidirisha vya maswali: isipoijua programu, inaikatalia kimya, na wewe ndiwe unayeenda kuiruhusu. Nikamwambia pia kwamba laptopu hiyo haikidhi masharti ya Windows 11 lakini Linux ingeibeba bila shida. Alisema atafikiria. Najua sura hiyo.

Alipoinuka kuondoka akatoa flashi mfukoni. "Na hii, Anko? Nimetoka nayo kuchapisha CV."

Nikamwambia aketi tena.